Paladiamu Chini ya Mpapai

Letisia alikuwa mtu wa kutotulia hata siku zisizo na sababu, na Jumanne ile alikuwa na sababu za kutosha watu watatu. Kabla ya saa mbili asubuhi alikuwa ameshakwenda bandani mara nne. Anachungulia, anarudi, anapiga funda moja la chai, anakisahau kikombe juu ya pipa la maji, anakwenda tena. Mle bandani hamkuwa na mgonjwa wala mtoto mchanga. Palikuwa na bika moja ya kioo juu ya sinia la mchanga wa moto, na ndani ya bika maji mekundu yaliyoiva kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Maji yale, ukitaka kujua, yalikuwa magari matatu yaliyokufa. Fundi Mwinshehe wa Mikumi ndiye aliyeyaokota. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi, na kila mwezi hakosekani dereva wa kuamini kuwa nyati atampisha. Gari likishindwa kurudi barabarani, huishia gereji kwa Mwinshehe, naye humfungulia Letisia kile kipande cha ekzosi ambacho mafundi wanakiita sega. Kweli kinafanana na sega la nyuki: kauri yenye vitundu vingi vidogo, na kwenye kuta za vitundu hivyo kiwandani walipaka metali adimu kidogo sana, paladiamu, ya kusafishia moshi. Letisia aliyasaga masega yale, akayaloweka kwenye asidi, akachuja, akachuja tena, wiki tatu nzima, mpaka magari matatu yakaenea kwenye bika moja. Kilichobaki kilikuwa kuyasafisha maji yale kwa mara ya mwisho na kuyakausha taratibu apate unga wa kahawia. Kloridi ya paladiamu.

“Na huo unga ni wa kula?” Shangazi Editha alikuwa amemuuliza Jumapili, alipofika Kilosa kutoka Berega na mzigo wa maharage na sufuria mpya ya alumini kama zawadi.

“Si wa kula, shangazi. Ni wa kutengenezea kichocheo. Kuna kemikali mbili, hii hapa na hii hapa, hazitaki kuungana hata ukizichemsha mpaka kesho. Paladiamu inaingia katikati kama mshenga. Inaongea na hawa, inaongea na wale, wanaungana, yenyewe inatoka inakwenda kuunganisha wengine.”

“Bila kudai hata kanga?”

“Bila kudai chochote.”

“Basi huyo si mshenga,” Shangazi alisema, na mjadala ukaisha.

Aliyeutaka unga huo ni Dokta Makarius, mkemia mwenye maabara Morogoro, anayehangaika kuunda dawa. Unga wa kuagiza ng'ambo ulikuwa unamchukua miezi. Alimwambia Letisia maneno machache: gramu nne, kwa majaribio manne. Ijumaa anatoka Iringa, saa saba mchana atasimama Mikumi kwenye gereji ya Mwinshehe. Unga ukiwa safi, atamwandikia barua ya kumtambua kama mzalishaji. Na barua hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya Letisia, maana kibali chake cha kununua na kutunza asidi kilikuwa kinakufa mwisho wa mwezi, na ofisini walishamwambia bila kupepesa macho: bila mteja aliyepima bidhaa yako, hakuna kibali kipya. Pasipo kibali hakuna asidi. Pasipo asidi, banda lile linarudi kuwa la kuku.

Saa tatu alilazimika kwenda kuchukua fomu wilayani. Alipanda bodaboda, akashuka baada ya hatua ishirini, akarudi kupunguza mkaa chini ya sinia, akapanda tena.

“Mama, tunakwenda au tunaaga?” dereva aliuliza.

“Endesha wewe.”

Alirudi saa sita. Jambo la kwanza aliloliona ni bika, safi, imefunikwa kichwa chini kwenye kichanja cha vyombo, na ufa mrefu ubavuni. Jambo la pili ni sufuria mpya kando yake, inameremeta mpaka inaumiza macho. Shangazi Editha alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi zake.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Kaa kwanza, unahema kama mbuzi wa mnadani.”

“Shangazi, maji mekundu yako wapi?”

“Nashukuru umeuliza.” Shangazi aliweka ungo chini. “Ningekuwa sipo, ungeyakosa yote. Nimeingia kutafuta kikombe chako, nakuta chombo kina ufa, kinavuja tone, tone. Nikasema kazi ya mtoto hii inapotea naiangalia? Nikakimbilia sufuria yangu mpya, nikamimina yote. Hata tone halikuanguka.”

Letisia akaigeukia ile sufuria. “Kwenye alumini,” alisema.

“Mpya kabisa. Basi we, nikaona maajabu! Yale maji yalichemka hakuna moto. Yanafuka, yanatoa povu, sufuria imekuwa ya moto huishiki. Nikasimama mlangoni nikasali. Yalipotulia, wekundu wote umekwenda. Maji meupe, na chini masizi, masizi meusi ya ajabu. Nikajua yameharibika. Pole, mwanangu. Lakini sikukuachia uchafu. Nimemwaga, nimesugua, tazama inavyong'aa.”

Alimsogezea sufuria. Ndani kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Hapa mwingine angepiga ukunga. Lakini Shangazi Editha ndiye aliyemlea Letisia tangu ana miaka minne, akamsomesha kwa vibarua vya kulima milimani. Na kwa watu wa kule juu humpandishii shangazi sauti hata akikuchomea nyumba. Unamshukuru kwanza kwa joto. Letisia alisema, “Asante kwa kuniokolea, shangazi,” akatoka uwanjani, akauzunguka mpapai mara tatu, mara ya nne akaupiga teke, akaumia kidole.

Alijua kilichotokea. Jambo hilo aliwahi kuwafundisha watoto wa kidato cha tatu, alipokuwa kwenye maabara ya shule, kwa maji ya mrututu na misumari. Alumini ikikutana na maji kama yale huingia yenyewe ndani, na paladiamu hutupwa nje, ikabaki inaelea na kutua kama vumbi jeusi. Masizi yale ndiyo yalikuwa paladiamu. Hata chembe haikuharibika. Ilikuwa imekaa chini ya sufuria, metali tupu, inamngoja, na shangazi yake akaisugua kwa jivu.

Akasimama ghafla. Akarudi mbio kibarazani.

“Shangazi, wewe ukiosha sufuria unaoshaje?”

“Unamaanisha nini ninaoshaje?”

“Hatua kwa hatua. Unaanza na nini, unamwaga wapi?”

Shangazi Editha alijiweka sawa. Alikuwa amesoma bweni la misheni miaka minne, na mwalimu wake wa usafi, marehemu sasa, bado alikuwa anamkagua. “Chombo chenye masizi humwagi ovyo,” alisema. “Maji ya juu unayaondoa polepole, umeinamisha chombo, masizi yabaki chini. Hayo nimemwaga mferejini. Halafu unatia jivu kavu, vikonzi viwili, unasugua kwa kumbi la nazi ukizunguka upande mmoja. Upande mmoja tu, usirudi nyuma! Jivu hilo chafu hulimwagi njiani watu wakakanyaga. Unalikusanya, unalifukia mahali pamoja. Mimi nimelifukia pale.” Akaonyesha kidole kwenye mpapai ule ule uliotoka kupigwa teke. “Suuza ya kwanza pale pale. Suuza ya pili kwenye mchicha.”

“Na kumbi?”

“Kumbi limening'inia msumarini. Kwani limekosa nini?”

Letisia alimkumbatia, na Shangazi, ambaye si mtu wa kukumbatiwa mchana, akamsukuma taratibu. “We mtoto unaumwa?”

Wakafukua. Walitumia vijiko vya mbao na mikono, maana Letisia aliapa hakuna chuma wala alumini itakayosogelea shimo lile. Jivu lilikuwa pale pale, kikombe na nusu, jeusi kuliko jivu lolote la mkaa, na udongo mwekundu uliolizunguka wakauchota vidole viwili kila upande. Kumbi likachomolewa msumarini likaingia kwenye ndoo hiyo hiyo. Mchicha ukasamehewa.

Sasa ikaja shida ya pili. Asidi iliyobaki ilikuwa chupa moja, haijai hata nusu, na hakuna duka ambalo lingemuuzia nyingine kabla ya kibali. Jivu ni mlevi wa asidi. Ukilimiminia, litainywa yote kwa povu na mbwembwe, na paladiamu haitapata hata tone. Lazima jivu lishibishwe kwanza, kwa kitu kichachu cha bei ya sokoni. Letisia alikuwa anakata uwanja kwenda na kurudi, anahesabu kwa vidole, anafuta hewani, anahesabu upya, mpaka Shangazi akasema, “Ukiendelea hivyo utachimba mtaro. Unatafuta nini?”

“Kitu kichachu. Kingi.”

“Ndimu si zipo sokoni zinaoza?”

Jumatano mchana Fundi Mwinshehe alipofika na pikapu yake kuuliza hali, aliwakuta wanawake wawili wamekalia vigoda, katikati yao ndoo ya plastiki inayotoa povu, na pembeni kilima cha maganda ya ndimu. Letisia alikuwa amevaa glavu na miwani ya kukinga macho. Shangazi naye alikuwa amevaa miwani kama hiyo, juu ya ile yake ya kusomea.

“Hodi. Naona mmeacha kemia, mmehamia achari.”

“Watu wa bondeni mnajua kula tu,” Shangazi alijibu bila kugeuka. “Salimia kwanza.”

“Habari za milimani, mtani wangu. Umeshuka lini? Au umeporomoka na mafuriko?”

“Nimeshuka kuja kuwafundisha kuosha vyombo.”

Letisia alimweleza yaliyotokea. Mwinshehe alisikiliza, akavua kofia, akaikuna badala ya kichwa. “Kwa hiyo magari yangu matatu yamezikwa chini ya mpapai, na mnayafufua kwa ndimu.”

“Ndiyo.”

“Mimi nimefungua sega kwenye basi lililogonga twiga, nikadhani nimeona yote.” Akajivutia tofali, akaketi, akaanza kukamua. Kwa bahati mbaya alikuwa na mchubuko wa spana kidoleni, na kwa saa nzima kila ndimu ya kumi iliambatana na neno ambalo Shangazi alijifanya hakulisikia.

Jioni povu likakoma. Wakasuuza kwa maji safi mara sita, wakiacha weusi utue kila mara, wakimwaga polepole, chombo kikiinama. Mara ya tano Letisia akataka kuharakisha. Shangazi akamshika mkono. “Taratibu. Umesahau uliyoniuliza?” Chini ya ndoo ukabaki mchanga na kitu cheusi.

Alhamisi asubuhi cheusi kile kikakutana na karibu asidi yote aliyobaki nayo, nje, upepo ukiwa mgongoni. Letisia hakukaa. Alisimama, akachutama, akasimama. Maji yalianza kuwa ya njano ya kutia mashaka, kisha ya chungwa, kisha, taratibu mno, wekundu ukarudi. Hakushangilia bado. Udongo wa Kilosa una chuma, na chuma pia kinajua kuvaa nyekundu. Akachujia kwenye bika nyingine isiyo na ufa, akayachanganya na maji mengi, akafungua kichupa cha dawa aliyoitunza kwa siku kama hiyo, dawa ambayo kwenye asidi huikamata paladiamu na kuwaacha akina chuma wapite zao. Akatia tone la kwanza.

Hapo hapo njano ikazaliwa. Njano kama kiini cha yai la kienyeji, ikatanda, ikazidi kutanda, bika ikawa imejaa pamba ya njano. Letisia alitoa sauti ambayo hata yeye hakujua ni kicheko au nini.

“Ndiyo yenyewe?” Shangazi aliuliza.

“Ndiyo yenyewe.”

“Mbona ilikuwa nyekundu, ikawa nyeusi, sasa njano? Hiyo haijielewi.”

“Na kesho itakuwa kahawia, shangazi.”

Ikawa kahawia. Ijumaa saa tatu asubuhi, baada ya kuchoma, kuyeyusha kwa asidi kidogo iliyosalia na kukausha, Letisia aliuweka unga kwenye mizani ndogo. Alizuia pumzi ili asiupeperushe. Gramu tatu na nukta moja. Akautoa, akaurudisha. Tatu na nukta moja. Iliyobaki ilikuwa imekwenda na mchicha, au mferejini, au kwenye nyuzi za kumbi, haikurudi.

Saa saba haikuwa mbali, na Mikumi haikuwa karibu.

Kwenye rafu, mbele ya macho yake kabisa, kilikaa kichupa cha kloridi ya chuma. Ya kahawia nayo. Gramu moja kasoro kidogo, ikisagwa vizuri ikachanganywa, jicho la mtu lisingetofautisha. Dokta angeweka kwenye mizani, mizani ingesema nne. Letisia alikishika kichupa. Alikiweka. Akatoka nje, akarudi, akakishika tena.

Hapo ndipo alipokumbuka stoo ya maabara ya sekondari moja ya Mikumi, alikokuwa msaidizi wa maabara miaka saba. Wiki ya mtihani, myeyusho haukutosha, mkuu wa shule akasema, ongeza maji, nani atajua? Akaongeza. Watoto arobaini na wawili wakapima, wakapata majibu yasiyokuwepo duniani. Barua ya kufukuzwa kazi iliandikwa jina moja tu, nalo halikuwa la mkuu wa shule. Aliikubali barua. Kilichomsumbua mpaka leo hakikuwa barua, ni binti mmoja wa dawati la mbele aliyerudia kipimo mara tano, analia, akiamini mkono wake ndio mbovu.

Akakirudisha kichupa nyuma kabisa ya rafu, akageuza lebo ukutani.

“Mama Asidi!” Mwinshehe alipiga honi nje. “Twende, au nikuite kwa tarumbeta?”

Walikwenda watatu kwenye pikapu, Shangazi dirishani amevaa kitenge cha kanisani. Letisia alikishika kichupa cha unga kwa mikono miwili. Kila tuta lilipita kwenye uti wa mgongo wake, na kila walipopunguza mwendo aliuliza saa.

“Saa ni ile ile uliyouliza pale kwenye daraja,” Mwinshehe alisema, “imeongezeka dakika mbili.”

Dokta Makarius alikuwa ameshafika gerejini, anakula mahindi ya kuchoma akiwa amesimama kati ya magari yaliyobondeka. Mtu mrefu, mkavu, anayesalimia kama anayelipia kila neno. Alipokea kichupa, akakiinua kwenye jua, akakitikisa.

“Nne?”

“Tatu na nukta moja,” Letisia alisema.

“Tulikubaliana nne.”

“Ndiyo, Dokta. Tatu ni za kweli. Ningekuletea nne, moja isingekuwa ya kweli.” Akamweleza yote. Ufa, sufuria, jivu, mpapai, ndimu. Alipofika kwenye ndimu, sauti yake mwenyewe ikamwonea huruma, lakini hakuruka kitu. Dokta aliacha kutafuna. Alimtazama Mwinshehe, kama anayeomba shahidi, na Mwinshehe akainua kidole chake chenye mchubuko. Alimtazama Shangazi Editha.

“Shikamoo, mama. Ni wewe uliyesugua?”

“Marahaba. Ni mimi. Na kama kilikuwa cha thamani, kingeandikwa.”

Dokta aliangalia kichupa tena. Kweli, hata bika haikuwa na lebo siku ile. Letisia, msaidizi wa maabara wa miaka saba, alikuwa ameshindwa kubandika kipande cha karatasi kwa sababu hakuweza kukaa mahali pamoja muda wa kukiandika.

“Nitapima,” Dokta alisema, akapanda gari lake, akaondoka na mahindi yake.

Zikaja siku ambazo simtakii mtu. Letisia aliipanga rafu kwa herufi, kisha kwa rangi, kisha kwa ukubwa wa chupa. Alibandika lebo kwenye kila kitu bandani, hata kwenye jembe: JEMBE. Simu ikilia ya jirani, yeye anaruka. Shangazi aliahirisha safari ya kurudi Berega mara mbili, akisema maharage hayajaisha.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tano asubuhi, ikalia ya kwake.

“Majaribio matatu,” Dokta alisema bila salamu. “Yote matatu yameungana. Unga ni safi, chuma hakionekani kabisa. Barua naituma leo.” Letisia alikaa chini, kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze, moja kwa moja kwenye vumbi. “Ila sikiliza. Kwenye barua nimesema nitaambatanisha njia yako ya uzalishaji, hatua kwa hatua, jinsi ilivyofanyika hasa. Ofisi watataka iwe hiyo hiyo kila mara. Andika nami nitasaini.”

“Jinsi ilivyofanyika hasa?”

“Hasa.” Akakata.

Letisia alileta daftari, akaketi kibarazani. Aliandika hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu bila taabu: kusaga, kuloweka, kuchuja. Kwenye ya nne kalamu ikasimama. Alitafuna mwisho wake, akaangalia mpapai. Halafu akaandika: *Mimina kwenye sufuria ya alumini, mpya. Simama mbali mpaka itulie.*

Shangazi Editha alikuwa ameinama juu ya bega lake, miwani puani.

“Mbona hujaandika ya nani?”

“Ofisi haiulizi sufuria ya nani, shangazi.”

“Na hapo kwenye jivu, andika kusugua ni upande mmoja.”

“Jivu tutaliondoa. Safari hii hatusugui, tunachuja tu.”

“Amesema kama ilivyofanyika,” Shangazi alisema kwa ukali. “Unataka kumdanganya daktari wa watu?”

Letisia alimtazama, akatazama karatasi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa blauzi. Kisha akaandika hatua ya tano, taratibu, ameketi, huku shangazi akimsomea imla: jivu kavu, vikonzi viwili, upande mmoja, usirudi nyuma.